Kipimo cha VVU kifuate njia anayopita mgonjwa

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tangu hapo miradi mingi ya VVU iliyokuwa na vyumba vyake, washauri nasaha wake na rejesta zake imekuwa ikikunjwa na kuingizwa katika huduma za kawaida: zahanati, vituo vya afya, kliniki za madaktari wa familia. Kazi ya kupima imo katika mzigo huo. Mjadala uliozuka una pande mbili. Wapo wanaofurahi kwamba sasa kila anayeingia kituoni kwa homa au kikohozi atapimwa, na wapo wanaosema vitendanishi, yaani vifaa vya kupimia, ni vichache, kwa hiyo wapimwe wale tu wanaoonekana kuwa hatarini. Wote wanabishania swali moja: nani apimwe?

Swali hilo ni halali, lakini limekalia kiti kisicho chake. Huduma ya msingi haikosi orodha ya watu wa kuwapima. Miongozo inayowataja ipo kwa karibu miaka 20. Inashindwa kwa sababu kipimo kimewekwa mahali ambapo mgonjwa hafiki, kinatolewa kwa maneno yanayomtisha, na kimeachiwa mtumishi mwenye kazi nyingine mkononi. Anayehamisha upimaji bila kugusa mambo hayo matatu atahamisha rejesta tu.

Mwanzoni upimaji ulikuwa wa hiari kwa maana kwamba mtu mwenyewe aliondoka kwake, akaenda kwenye kituo kilichojulikana kwa kazi hiyo, akakaa na mshauri nasaha kwa muda mrefu kabla ya kutobolewa kidole. Utaratibu huo ulikuwa na sababu zake. Dawa hazikuwepo au zilikuwa za wachache, majibu yalipokelewa kama hukumu, na unyanyapaa uliweza kumpotezea mtu kazi na ndoa kwa siku moja. Dawa za kufubaza virusi zilipoenea, hesabu ilibadilika. Botswana ilianza mwaka 2004 kupima VVU kama sehemu ya kawaida ya matibabu. Mwaka 2006 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilipendekeza watu wote wa miaka 13 hadi 64 wapimwe katika huduma za afya isipokuwa wakikataa, bila fomu ya pekee ya ridhaa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, yalitoa mwongozo wa upimaji unaoanzishwa na mtoa huduma, yaani mgonjwa hasubiriwi aombe. Mwaka 2015 WHO ikaondoa kigezo cha idadi ya seli za kinga ziitwazo CD4, ikaelekeza kila anayekutwa na VVU aanze dawa bila kungoja kinga yake ishuke. Tangu siku hiyo hakuna faida yoyote ya kitabibu katika kuchelewa kujua.

Kwa takwimu za UNAIDS za mwaka 2024, watu milioni 40.8 walikuwa wakiishi na VVU duniani, na asilimia 87 kati yao walijua hali zao. Wasiojua ni zaidi ya milioni 5. Mafaili ya watu wanaogunduliwa wakiwa tayari wamedhoofika mara nyingi yanaeleza jambo lilelile: mtu amekuja kituoni kwa mkanda wa jeshi, akarudi kwa fangasi mdomoni, akarudi tena kwa nimonia, na kila safari alitibiwa alichokuja nacho akaruhusiwa kwenda. Alionekana mara zote hizo, na kipimo hakikuwa kwenye njia yake.

Jaribio moja la Malawi, lililochapishwa mwaka 2020, linaonyesha jambo hili kwa namna isiyoacha shaka. Vituo 15 viligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliendelea na upimaji wa kawaida unaoanzishwa na mtoa huduma. La pili lilipewa upimaji uleule ulioboreshwa, watumishi wakiwa wamepata mafunzo ya ziada. La tatu liligawa vifaa vya kujipima kwa watu wazima waliokuwa wamekaa wakisubiri kumwona daktari. Katika kundi la kwanza asilimia 13 ya wagonjwa wa nje walipimwa. Katika la pili asilimia 14. Katika la tatu asilimia 51. Mafunzo yaliongeza asilimia moja tu. Kukileta kipimo kwenye benchi la kusubiria kulizidisha idadi karibu mara nne. Watumishi wa kundi la pili walijua kazi yao vizuri kabisa. Ila mgonjwa wao bado alitakiwa kwenda mahali pengine, kwenye foleni nyingine, kwa ajili ya jambo ambalo hakulijia.

Fuata hatua za mgonjwa wa nje katika kituo chochote. Anaandikishwa, anapimwa joto na shinikizo la damu, anamwona daktari, anakwenda maabara akiandikiwa, anarudi kwa daktari, anachukua dawa, anaondoka. Palipozoeleka, kipimo cha VVU kinaingia baada ya daktari: anaambiwa aende chumba namba fulani, anakuta mlango umefungwa au watu wanane mbele yake, anasubiri, anapimwa, anasubiri tena majibu. Tuseme kila hatua ya ziada inapoteza mtu 1 kati ya 5: mmoja kwenye kukubali, mwingine kwenye kuufikia mlango, mwingine kwenye foleni, mwingine kwenye kungoja majibu. Watu 100 wakipita hatua nne za namna hiyo wanabaki 41, na hakuna mtumishi aliyefanya kosa lolote. Hamna semina ya kurekebisha hasara hiyo. Dawa yake ni kupunguza hatua.

Mahali panapofaa zaidi ni kwenye meza ya vipimo vya awali, palepale joto na shinikizo la damu vinapochukuliwa. Kipimo cha haraka cha damu ya kidole huhitaji dakika 15 hadi 20 kwa aina nyingi, na muda huo mgonjwa angeutumia kusubiri daktari hata bila kupimwa. Anayetoboa kidole anaandika saa kwenye kipimo chenyewe na namba ya mgonjwa, si jina. Majibu yanasomwa kwa wakati wake, yanaingia kwenye kadi kwa alama inayojulikana na watumishi, na daktari ndiye anayemweleza mgonjwa ndani ya chumba kilichofungwa, pamoja na mambo mengine yaliyomleta. Hivyo hakuna mlango wa pekee unaomtangaza anayeupita. Kwa sharti hili: meza hiyo isiwe wazi kwa kila macho. Pazia au ubao wa kukinga unatosha, na mazungumzo ya ridhaa yafanyike kwa mtu mmoja mmoja hata kama maelezo ya jumla yalitolewa kwa wote waliokaa.

Hapa ndipo wale wanaodhani kuhamisha upimaji ni njia ya kupunguza gharama za watumishi wanapokosea. Tuseme muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa 40 asubuhi. Kumweleza mtu, kupata ridhaa, kutoboa, kuandika na kusoma majibu ni kama dakika 5 za kazi halisi ya mikono, hata kama kusubiri hakuhesabiwi. Mara 40 ni dakika 200, zaidi ya saa tatu. Hakuna muuguzi mwenye saa tatu za ziada asubuhi. Atakachofanya ni kupima kumi wa kwanza, foleni ikirefuka ataacha, na mwisho wa mwezi rejesta itaonyesha kwamba wanaopimwa ni wale waliowahi kufika. Mshauri nasaha aliyekuwa kwenye chumba chake cha pekee alipaswa kuhamishiwa kwenye meza hiyo, na badala yake wengi wameachishwa kazi. Chumba kile kingeweza kuondoka bila hasara kubwa. Mtu aliyekuwa akikaa ndani yake alihitajika.

Jambo la pili ni maneno. Katika idara ya dharura ya hospitali moja ya San Francisco, watafiti waliwagawa wagonjwa kwa kura kusikia maneno tofauti ya kupewa kipimo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Walioambiwa kipimo kipo na wanaweza kukiomba walikubali kwa asilimia 38. Walioulizwa moja kwa moja kama wanataka au hawataki walikubali kwa asilimia 51.3. Walioambiwa kwamba watapimwa isipokuwa wakikataa walifikia asilimia 65.9. Kipimo kilikuwa kilekile, na wagonjwa ni wa mahali pamoja. Pengo la karibu asilimia 28 limetokana na sentensi.

Sentensi inayofanya kazi ni fupi: «Hapa tunawapima watu wazima wote shinikizo la damu, joto na VVU. Kama hutaki cha VVU niambie, na matibabu yako mengine yataendelea kama kawaida.» Inayoharibu ni ile inayoanza kwa kumuuliza mtu kama ana wasiwasi na maisha yake, au ana wapenzi wangapi. Swali la namna hiyo linamtaka mgonjwa ajishtaki kwanza ndipo apate huduma, na kukubali kipimo kunageuka kuwa kukiri. Kabla ya kutoboa, mtu anahitaji kujua mambo machache: kipimo ni cha nini, majibu yatabaki kati yake na wanaomtibu, dawa zipo na zinaanza mapema, na kukataa hakumnyimi chochote. Hayo yanasemeka kwa dakika mbili. Ushauri mrefu una nafasi yake baada ya majibu, kwa yule aliyekutwa na VVU na kwa yule ambaye hakukutwa nayo lakini yuko kwenye hatari inayoendelea.

Wapinzani wa utaratibu huu wana hoja nzito, na sipendi inavyopuuzwa. Wanasema mgonjwa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe hana nguvu sawa. «Isipokuwa ukikataa» kwake inasikika kama «lazima». Ni kweli inaweza kuwa hivyo. WHO imeweka nguzo tano za upimaji, yaani ridhaa, usiri, ushauri, usahihi wa majibu na kuunganishwa na huduma, na ridhaa haikuwekwa pale kwa ajili ya mapambo. Lakini hoja hiyo inadai usimamizi wa karibu. Haidai kurudi kwenye mlango wa pekee. Kuna kipimo rahisi cha kujua kama ridhaa ipo: hesabu wanaokataa. Kituo ambacho mwezi mzima hakuna hata mmoja aliyekataa kinafaa kuchunguzwa haraka kama kile ambacho nusu wamekataa. Na anayekataa leo aandikwe kwamba amekataa, aulizwe tena safari ijayo bila kulaumiwa.

Sasa turudi kwa nani apimwe, maana hatuwezi kulikwepa. Wanaotaka kila mtu apimwe wana ushahidi. Hackney, mashariki mwa London, kliniki 40 za madaktari wa familia ziligawanywa kwa kura. Nusu zilipewa mafunzo na zikaanza kuwapa kipimo cha haraka watu wazima wapya waliokuja kujiandikisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: watu 32 waligunduliwa kwa mara ya kwanza katika kliniki hizo, dhidi ya 14 katika zile zilizoendelea kama zamani. Kujiandikisha ni tukio ambalo kila mgonjwa hupitia mara moja, lina muuguzi tayari na lina vipimo vingine tayari. Kipimo cha VVU kilipandikizwa juu ya shina lililokuwepo. Lakini Hackney ni eneo lenye maambukizi mengi kwa kiwango cha Uingereza. Mahali ambapo wasiojua hali zao ni chini ya mtu 1 kwa kila 1,000, hata mwongozo wa CDC wa mwaka 2006 unakubali kwamba kumpima kila mtu kunaweza kusimamishwa, ili mradi takwimu za mahali hapo zithibitishe hivyo. Kwa hiyo jibu la nani apimwe linategemea kwanza kiwango cha maambukizi ya mahali, na hilo haliamuliwi na muuguzi mezani.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile inayosema kwamba vitendanishi vikiwa vichache tutawachuja watu kwa maswali ya hatari. Inaonekana ya busara, ndiyo maana inapendwa. Ina kasoro tatu. Watu hawasemi ukweli juu ya ngono kwa mtu waliyekutana naye dakika moja iliyopita. Hatari ya wengi haimo katika mwenendo wao, imo katika mwenendo wa mwenza ambao hawaujui. Mke mwenye mume mmoja anaweza kujibu «hapana» kwa kila swali ilhali ana VVU. Na fomu yenyewe inakula muda uleule ambao kipimo kingekula. Hata fomu nzuri sana inayowabaini watu 85 kati ya 100 wenye VVU inawaambia 15 waende nyumbani, safari hii wakiwa na uhakika wa uongo kwamba kituo kimewaangalia. Maswali yanaweza kutumika kuongeza watu kwenye orodha. Kuyatumia kuwaondoa ni hatari.

Penye uhaba kuna njia iliyo bora zaidi kuliko kuchungulia maisha ya watu, nayo ni kuangalia mambo yanayoonekana bila kuuliza siri. Apimwe kila mwenye kifua kikuu au anayechunguzwa kwa ugonjwa huo. Apimwe mwenye kaswende, kisonono au ugonjwa mwingine wowote wa zinaa, mwenye homa ya ini B au C, mwenye mkanda wa jeshi akiwa kijana, fangasi mdomoni bila sababu, nimonia inayojirudia, kupungua uzito, tezi zilizovimba, kuhara kwa zaidi ya mwezi. Apimwe mjamzito kwenye hudhurio la kwanza, na WHO tangu mwaka 2019 inapendekeza kipimo kimoja cha pamoja cha VVU na kaswende kiwe cha kwanza kliniki ya wajawazito, maana tone lilelile la damu linajibu maswali mawili. Apimwe mtoto mwenye utapiamlo mkali. Huyu ana angalizo lake: chini ya miezi 18 kipimo cha haraka kinaweza kuona kingamwili za mama (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi) zilizobaki kwenye damu ya mtoto, kwa hiyo hakiwezi kuthibitisha maambukizi na sampuli lazima ipelekwe kwenye kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Baada ya hao wafuate wenza na watoto wa kila anayekutwa na VVU, halafu mtu mzima yeyote ambaye kadi yake haionyeshi kwamba amewahi kupimwa. Swali moja kwenye kadi, «umepimwa mara ya mwisho lini?», lina faida kuliko fomu ya maswali kumi na tano.

Kuna jambo linalowachanganya wasimamizi wa fedha, nalo ni asilimia ya wanaokutwa na VVU kati ya waliopimwa. Ikishuka, mradi unaambiwa unapoteza vipimo. Lakini asilimia hiyo hushuka kwa sababu mbili zinazopingana: huenda tunawapima wasiohusika, au wasiojua hali zao wamepungua kwa kuwa kazi imefanyika. Tena huweza kupanda kwa sababu mbaya. Mtu anayetumia dawa tayari huweza kuhamia kituo kingine na kupimwa upya bila kusema, kwa aibu au kwa kutaka kuhakikisha kama bado anayo. Akahesabiwa kama mpya, na kituo kikasifiwa. Kabla ya kutoboa, mtu aulizwe kwa upole kama amewahi kuambiwa ana VVU au kutumia dawa zake. Swali hilo linalinda takwimu, na linamlinda mtu mwenyewe pia, maana dawa zinaweza kushusha kingamwili kiasi cha kipimo cha haraka kutoa jibu la uongo kwamba hana, naye akaacha dawa.

Usahihi unastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ndio unaosahaulika upimaji unapotoka kwa watu waliofanya kazi hiyo tu na kwenda kwa watu wanaofanya kila kitu. Chukua watu 10,000 wasiojua hali zao, 100 kati yao wakiwa na VVU. Tumia kipimo kinachomnasa karibu kila mwenye VVU na kumtaja kimakosa mtu 1 tu kati ya kila 100 wasio nayo. Kitawaonyesha wale 100, na kitawaonyesha pia 99 kati ya 9,900 ambao hawana. Anayesimama mbele yako na kipimo kimoja kilichoonyesha VVU ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Ndiyo maana WHO mwaka 2019 ilipendekeza kila mahali mtu atangazwe kuwa na VVU baada ya vipimo vitatu vya aina tofauti kukubaliana, kimoja baada ya kingine. Kipimo cha pili kati ya wale 99 kitabakiza kama mmoja, cha tatu kitamwondoa. Na kadiri maambukizi yasiyojulikana yanavyopungua, sehemu ya majibu ya uongo kwenye kipimo cha kwanza inakuwa kubwa zaidi, kwa hiyo mafanikio yenyewe yanadai uangalifu mkubwa kuliko zamani.

Makosa ya mezani yanajulikana, na yanajirudia kila mahali. Kipimo kinasomwa mapema kwa sababu foleni ni ndefu, au kinasomwa baada ya saa nzima, na kila aina ina dakika zake zilizoandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi. Bafa, kile kimiminika kinachokuja na vipimo, inachukuliwa ya aina nyingine kwa sababu ya kwake imekwisha. Damu inadondoshwa kwa kukisia badala ya kutumia mrija wake, ikizidi inaziba, ikipungua inaficha. Mstari hafifu unahesabiwa kuwa si mstari, ilhali kwa aina nyingi ni mstari. Mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, haukutokea na jibu likaandikwa hata hivyo, badala ya kukitupa kipimo na kuanza upya. Boksi limekaa juani wakati vipimo vingi vinataka nyuzi joto 2 hadi 30. Na kuna kosa la fikra: vipimo viwili vinatofautiana, mtumishi anafanya cha tatu kama mwamuzi, wawili wakishinda mmoja anatangaza. Majibu ya VVU hayapigiwi kura. Viwili vya kwanza vikionyesha VVU na cha tatu kikakataa, mtu huyo anaambiwa wazi kwamba majibu bado hayajakamilika na anapangiwa kurudi baada ya siku 14. Na kabla ya kuanza dawa, kila aliyekutwa na VVU anapimwa upya kwa sampuli mpya, na ikiwezekana na mtumishi mwingine, kwa sababu kosa kubwa la kituo chenye watu wengi mara nyingi ni la kuchanganya namba.

Agizo la vitendanishi nalo lifuate hesabu ileile. Kwa wale 10,000, kipimo cha pili kitahitajika kwa watu kama 200, na cha tatu kwa kama 100. Ongeza vipimo 100 vya kila aina kwa ajili ya kuhakiki kabla ya dawa, kisha weka akiba ya vitakavyoharibika. Kituo kinachoagiza maboksi sawa ya kila aina kitatupa cha tatu kikiwa kimepita muda wake wakati cha kwanza kimeisha. Kinachoagiza cha kwanza tu kitawaacha watu 200 wakiwa na jibu lisilo kamili, nusu yao wakiwa wameshtuliwa bure.

Asiyekutwa na VVU naye anahitaji jambo la kuambiwa. Kipimo cha haraka cha damu ya kidole huweza kuchukua siku 23 hadi 90 tangu maambukizi kabla ya kuyaona. Aliyekutana na hatari wiki mbili zilizopita arudi. Ambaye hana hatari ya karibuni hana haja ya kurudishwa kila mwezi, na desturi ya kumwambia kila mtu arudi baada ya miezi mitatu inakula vitendanishi bila faida. Wenye hatari inayoendelea wapimwe angalau mara moja kwa mwaka, na wajawazito mahali penye maambukizi mengi warudiwe miezi mitatu ya mwisho. Yule ambaye hana VVU lakini mwenza wake anayo, au ana ugonjwa wa zinaa leo, aongozwe kwenye dawa kinga siku hiyohiyo. Julai 2025 WHO ilipendekeza lenacapavir, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka, na ikakubali vipimo vya haraka vitumike kwa wanaoanza na kuendelea na kinga za muda mrefu za aina hiyo. Maana yake ni kwamba meza ileile ya vipimo vya awali inaweza kuwa mlango wa kinga, bila kungoja mashine ya maabara kubwa.

Na aliyekutwa nayo? Hapa kujipima, ambako Malawi kulileta watu wengi hivyo, kuna udhaifu. Mtu aliyesoma majibu peke yake anaweza kukitia kifaa mfukoni na kuondoka, na kipimo hicho kimoja hakimthibitishi. Kwa hiyo vifaa vya kujipima vigawiwe kituoni penye mahali pa faragha pa kukisomea, na mtumishi awepo hatua chache kutoka hapo, asimsimamie mtu bali asiwe mbali. Anayethibitishwa aanze dawa siku hiyo kama yuko tayari na hana dalili za homa ya uti wa mgongo, ambazo zinataka uchunguzi kwanza; mwenye dalili nyingine za kifua kikuu anaweza kuanza huku akichunguzwa haraka. Karatasi ya rufaa kwenda kituo kingine ndiyo inayopoteza watu. Kama dawa ziko jengo jingine, mtumishi amsindikize kwa miguu. Suala la wenza lizungumzwe wiki hiyo au inayofuata, na kabla ya kumtaja mwenza mgonjwa aulizwe kama nyumbani kuna vipigo au vitisho; kama vipo, njia ya kumfikia mwenza ichaguliwe na mgonjwa mwenyewe au iachwe kwanza.

Usiri katika huduma ya msingi unavuja mahali ambapo hapatazamwi. Daktari mara chache husema. Inayosema ni rangi ya faili, siku maalumu ya juma, dirisha la pekee la dawa, rejesta iliyoachwa wazi mezani, mtunza kumbukumbu ambaye ni jirani. Kuhamishia upimaji huduma ya msingi kunaweza kuyaondoa hayo yote, kwa sababu anayepimwa VVU hatofautiki na anayepimwa shinikizo la damu. Kunaweza pia kuyazidisha, endapo kituo kidogo kitabeba desturi za kliniki ya zamani na kuzipanga kwenye korido moja nyembamba.

Mganga mfawidhi anayepokea jukumu hili mwezi huu aanze kwa kusimama mlangoni asubuhi moja na kumfuata mgonjwa mmoja hadi anapotoka, akiandika dakika za kila hatua na kila mlango aliotumwa. Mahali aliposubiri kwa zaidi ya dakika 20 ndipo kipimo kinapoweza kusomwa bila kumchelewesha mtu. Kisha ahesabu wagonjwa wa siku hiyo mara dakika 5, agawanye kwa dakika za zamu, na apeleke namba hiyo kwa anayepanga watumishi kabla ya kupeleka ombi la semina.